Sekunde 47 za Nesi: Mnayemcheka Kwenye Stika Alikuwa Anahesabu Pumzi za Mtoto

Kama una WhatsApp na uko kwenye magrupu mawili matatu, stika ile umeshatumiwa. Dada kavaa gauni jeupe, kawapa watu mgongo, mkono mmoja kaunyoosha nyuma na kiganja kiko wazi, kama trafiki anayesimamisha daladala. Chini yake kila mtu anaandika la kwake: "Subiri kwanza", "Sina muda na wewe", "Njoo mwisho wa mwezi". Mtu akiombwa hela anaitupia. Ukimsalimia ex wako anakutupia. Imeshakuwa lugha ya mjini.

Wengi wanaoitumia hawajui imetoka wapi. Imekatwa kwenye klipu ya sekunde 47 iliyorekodiwa usiku ndani ya kituo kimoja cha afya, kwenye mji mmoja mdogo wa pembeni. Mji hautatajwa hapa, kituo hakitatajwa, na nesi hatatajwa. Ameshatajwa vya kutosha.

Klipu yenyewe iko hivi. Wadi imejaa, taa inamulika. Nesi kasimama mbele ya mama aliyempakata mtoto. Simu iko mkononi mwa nesi, macho yanaenda kwenye simu, yanarudi, yanaenda tena. Nyuma ya kamera kuna sauti ya kiume: "Nesi! Nesi! Samahani nesi, dripu ya mama imeisha!" Hageuki. Anaitwa mara ya pili. Hageuki, anarusha mkono tu nyuma kwamba subiri. Sauti inamalizia: "Si mnawaona manesi wetu? Mgonjwa anakufa, yeye yuko bize na simu." Klipu inaishia hapo.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Page za umbea zikaibeba. Halafu mchekeshaji mmoja mkubwa, yule ambaye hata bibi yako kijijini anamfahamu, akaitolea skiti. Kavaa wigi, kabandika kucha ndefu, gauni jeupe limembana. Mgonjwa anakata roho pembeni, yeye anajibu meseji za danga. Watu walicheka mpaka machozi. Sehemu ya maoni ikageuka mahakama: afukuzwe, afungwe, hao ndio walivyo wote.

Sasa tulia usikie upande wa pili.

Simu ilikuwa na kazi

Aliyesimulia ni yule yule mama aliyempakata mtoto. Aliandika kwenye maoni chini ya ile skiti, kwa maneno yake ya kawaida, bila povu. Mtoto wake wa miezi tisa alikuwa anakohoa na homa imepanda. Nesi alimpandisha mtoto kijishati, akamwomba mama amtulize, akawasha saa ya sekunde kwenye simu, akaanza kuhesabu pumzi.

Maoni yake yalipata laiki za kuhesabu kwa vidole. Skiti ilipata maelfu kwa maelfu.

Kwa asiyejua, kazi ile hufanywa hivi. Mtoto akiletwa na kikohozi au kupumua kwa shida, kitu cha kwanza siyo mashine. Ni macho na saa. Nesi anaangalia kifua: kikipanda na kushuka, hiyo moja. Anahesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Anaenda haraka, anapunguza, anaenda tena. Ukihesabu sekunde 15 halafu ukazidisha kwa nne unaweza kudanganyika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: mtoto wa kuanzia miezi 2 mpaka kabla hajafikisha mwaka, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida. Wa kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, ni 40 au zaidi. Hapo unaanza kufikiria nimonia, na nimonia ni moja ya magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano duniani.

Na ile hesabu haina kitufe cha kusimamisha. Ukigeuka kumjibu mtu, umepoteza namba, unaanza upya. Mtoto akilia katikati, unaanza upya, maana mtoto anayelia hupumua kwa kasi nyingine.

Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Klipu ina sekunde 47, zoezi linataka sekunde 60. Aliyerekodi alibonyeza kuacha kabla nesi hajamaliza. Kwa maelezo ya yule mama, nesi alipomaliza alimgeukia jamaa akamwambia, "Nisamehe kaka yangu, nilikuwa namhesabia mtoto pumzi. Twende kwa mama." Akaenda, akabadilisha dripu, akarudi kwa mtoto. Hiyo sehemu haikurekodiwa. Ingerekodiwa isingetrendi, kwa sababu nani anapenda klipu ya mtu anayefanya kazi yake vizuri?

Tena hata dripu yenyewe ni hesabu. Chupa ya mililita 500 ikitakiwa iishe kwa saa nne, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, lazima idondoke kama matone 42 kwa dakika. Pale ambapo hakuna mashine ya kupangilia, nesi anasimama, anaangalia matone, anaangalia saa, anarekebisha kigurudumu. Saa hiyo siku hizi iko wapi? Kwenye simu. Simu aliyoinunua mwenyewe, na vocha anayoweka mwenyewe anapompigia daktari wa zamu aje. Siyo kila nesi anayeangalia simu anachati.

Mji mdogo hauna pa kujificha

Kuna kitu watu wa mjini katikati hawakielewi. Nesi wa hospitali kubwa ya Dar akimaliza zamu anavua gauni, anapanda mwendokasi, anapotea kwenye mamilioni ya watu. Hakuna anayemjua mpaka kesho.

Chukua mji kama Kibaha, makao makuu ya mkoa wa Pwani, kilometa kama 40 tu kutoka katikati ya Dar. Mji wa barabarani, wengi wanalala huko na kutafuta riziki Dar. Unamkuta fundi wa Kimara, mkulima wa muhogo, mfanyabiashara wa Kariakoo na mwanafunzi, wote wanaugua kwenye vituo vile vile. Barabara ya Morogoro inapita hapo hapo na malori yake na mabasi yake; ikitokea ajali usiku, majeruhi wanaletwa karibu. Miji ya namna hii iko mingi, kila jiji lina yake. Kwa jina ni mji, kwa mazoea ni kijiji.

Nesi wa mji kama huo hana saa ya kutoka kazini. Akienda gengeni kununua nyanya, muuzaji anamuuliza kuhusu presha ya mume wake. Akipanda boda, dereva anamwonyesha kidonda. Saa tisa usiku mlango unagongwa: "Mama Fulani, tusaidie, mtoto anachemka." Anaamka. Kesho yake ana zamu ya asubuhi. Hakuna anayemlipa kwa hilo na wala hadai, kwa sababu aliyegonga ndiye jirani atakayemzika siku yake ikifika.

Huo ndio uzuri wa mji mdogo. Ubaya wake ni kwamba klipu ikitoka, huna pa kwenda. Mwanamke wa kwenye ile stika, tangu siku ile, akipita kijiweni vijana wa boda wanamnyooshea viganja na kucheka. Dukani anaulizwa, "Leo simu umeiacha wapi, sista?" Mwanaye shuleni anaitwa "Mtoto wa Subiri". Staa akichafuliwa mtandaoni ana meneja, ana timu, ana wimbo mpya wa kuachia wiki ijayo ili watu wasahau. Nesi ana gauni lile lile, wadi ile ile na njia ile ile ya kurudi nyumbani.

Manesi wabaya wapo, tusidanganyane

Hapa wengine wataruka: "Mnawatetea, hamjui tuliyofanyiwa." Wana haki ya kuruka. Klipu ile isingesambaa vile kama watu wasingekuwa na vidonda vyao. Wapo akina mama waliotukanwa leba na kuambiwa maneno ambayo mpaka leo hawajamwambia hata mume. Wapo waliopigwa vibao vya mapaja wakati wa uchungu. Wapo waliokaa kwenye benchi masaa huku wenye kujuana wakipitishwa mlango wa nyuma. Wapo walioombwa "hela ya soda" ndipo wahudumiwe. Huo siyo umbea, ni maisha ya watu, na nesi wa hivyo hastahili kutetewa na mtu yeyote.

Ila swali ni hili: je, stika imemfanya nini nesi wa namna hiyo? Hajaguswa hata kidogo. Yule anayetukana anajua kukaa mbali na kamera. Aliyenaswa ni aliyekuwa amesimama katikati ya wadi anafanya kazi mbele ya kila mtu.

Na njia za kumfikia nesi mbaya zipo, ingawa hazina kiki. Kila wadi ina muuguzi mfawidhi, na kituo kizima kina mganga mfawidhi. Unatoa jina, tarehe, saa na kilichotokea. Ukiona wamelindana, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hilo ndilo linalosajili manesi na kuwapa leseni, na lina meno ya kumwajibisha anayekiuka maadili. Nesi bila leseni hafanyi kazi, hilo analiogopa kuliko maoni elfu kumi ya Insta. Umeombwa rushwa? Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Hata kama umerekodi sauti ya mtu akikuomba hela, huo ni ushahidi, upeleke panapohusika. Kupeleka ushahidi ni tofauti kabisa na kuutupa mtandaoni uone laiki ngapi zitaingia.

"Dawa hakuna" si maneno yake

Angalia tena mambo yanayowakasirisha watu hospitali. Dawa haipo, kanunue nje. Kitanda hakuna, mlale wawili. Kipimo kimeharibika. Daktari hajafika. Bima yako haigharamii hicho. Gari la wagonjwa limepeleka mwingine.

Ni lipi kati ya hayo limeamuliwa na nesi? Hakuna hata moja. Lakini yote yanatoka mdomoni mwake, kwa sababu ndiye aliye mbele yako. Aliyepanga bajeti hayupo. Aliyechelewesha mzigo wa dawa hayupo. Aliyepaswa kuajiri watu kumi akaajiri wanne hayupo. Wote hao wamelala usiku ule. Aliyebaki macho ni dada mmoja, wadi nzima iko juu yake, na hasira zote zimefika kwenye anwani yake.

Hili la watu wachache siyo la mji mmoja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu manesi kama milioni 28 duniani na ikaonyesha upungufu wa milioni 5.9, sehemu kubwa kwenye nchi zenye kipato kidogo. Huku kwetu kuna kichekesho kisichochekesha: wadi zinalia hakuna watu, na mtaani wamejaa vijana wenye vyeti vya uuguzi wanaouza mitumba na kuendesha boda. Wengine wanajitolea kwenye vituo, wanaishi kwa posho ya kuungaunga, wakisubiri ajira zitangazwe. Wakati mwingine huyo unayemfokea "unalipwa kwa kodi zetu" halipwi chochote.

Na angalia tunavyowaita. Nesi wa kiume akiingia wadini na koti, wagonjwa wanamwamkia "Shikamoo dokta", hata akikataa wanaendelea. Wa kike, hata awe na digrii na miaka ishirini kazini, ni "we nesi" na "sista hebu njoo". Yule mchekeshaji angefanya skiti ya dokta wa kiume kavaa wigi na kucha? Jibu unalo.

Mtoto na mama yake mmewasahau

Katika kelele zote, kuna wawili hawakuzungumziwa. Mle kwenye klipu kuna mtoto kifua wazi, anaumwa. Kuna mama yake, sura yote inaonekana, hajalala siku mbili, khanga imemkaa vibaya. Nyuma yao kuna vitanda vingine na watu wengine ambao hawakuomba kuonekana na nchi nzima.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa humo kwenye kundi la taarifa nyeti, na za watoto vile vile. Lakini tuache hata sheria. Ungependa dada yako akiwa anaugua, nguo haijakaa sawa, awe usuli wa kichekesho cha mtu? Jamaa aliyerekodi alikuwa na uchungu na mama yake, hilo linaeleweka. Hofu ya dripu kuisha kila aliyewahi kuuguza anaijua. Angeweza kusogea hatua tatu akaangalia nesi anafanya nini. Badala yake alitoa simu, na kwa sekunde zile 47 naye alikuwa bize na simu wakati dripu ya mama imeisha.

Staa na kitufe cha kufuta

Yule mchekeshaji siyo mtu mbaya. Miaka michache iliyopita, mkewe alipojifungua, alipost picha kitandani pamoja na manesi wawili, akaandika aya ndefu ya shukrani, akawaita malaika. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, anaweka moyo mweupe na maneno matamu. Mastaa wetu wengi wako hivyo. Wanampenda nesi akiwa kwenye picha yao, akiwa kwenye picha ya mtu mwingine anakuwa kontenti.

Maelezo ya mama wa mtoto yalipoanza kusambaa kidogo kidogo, ile skiti ilifutwa. Kimya kimya, bila neno. Mashabiki wake wanasema imetosha, mtu ameonyesha ustaarabu. Haijatosha. Skiti ilitangazwa kwa sauti, samahani nayo ilistahili sauti. Mwenye wafuasi wengi vile angeweza kusimama dakika moja tu, sekunde 60, akasema: nilikosea, yule dada alikuwa anahesabu pumzi za mtoto, na ninyi mkiona nesi kakaza macho kifuani kwa mtoto msimwite mpaka amalize. Angefundisha nchi nzima kwa video moja kitu ambacho bango la ukutani halijaweza. Na laiki angepata vile vile.

Kwa sababu hasara yenyewe haiko kwenye jina la nesi peke yake. Fikiria usiku mwingine, wadi ile ile au nyingine yoyote. Mtoto ana miezi tisa, anakohoa. Nesi anahesabu: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Nyuma anaitwa, "Nesi! Nesi!" Anaona kwa pembeni simu imeinuliwa. Anakumbuka stika. Safari hii anageuka haraka, anatabasamu, anasema "Abee". Hakuna klipu, hakuna skiti, kila mtu kafurahi. Namba imempotea. Foleni ni ndefu, hana muda wa kuanza upya, anaandika makadirio, na mtoto anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Hilo hakuna atakayelirekodi.

Stika iko kwenye simu yako, ukitaka unaifuta sasa hivi, hutaki basi. Ila kabla hujaituma tena, jiweke kwenye kiti cha yule mama, mtoto wako yuko mapajani na kifua kinapanda na kushuka. Ungetaka nesi ageuke, au asigeuke?

Tiririka hapo chini, mdau. Na wewe nesi unayesoma hii baada ya zamu ya usiku, lala kwanza, maoni utakuja kuandika baadaye.